Mama Kwanini na Chumba cha Kufulia

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Jumanne, ulipomuuliza muuguzi kwa nini dripu yako inadondoka polepole kuliko ya jirani yako wodini. Alipokuwa akiikagua, wewe ukaondoka. Hukungoja jibu.

Shuleni ulikokuwa karani walikuita Mama Kwanini, na hata nyumbani ulilistahili jina hilo. Ulitaka kujua kwa nini paka wa jirani anachechemea. Ulitaka kujua kwa nini Baba, fundi bomba mzima, anaacha bomba la jikoni kwake livuje. Hilo hajalijibu mpaka leo.

Lakini swali tunalolikumbuka zaidi lilitoka kwenye daftari la mahudhurio. Uliona binti mmoja wa darasa la sita haji Alhamisi wala Ijumaa. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika barua ya kumfukuza kwa utoro, ukamwomba aishikilie kidogo.

“Mtoro hachagui siku, Mwalimu,” ulimwambia. “Huyu ana ratiba. Niache niijue.”

Ukaenda kwao kwa miguu baada ya kazi, ukamkuta amekaa kwenye ngazi. Sare alikuwa nayo moja tu, na mtaani kwao maji yalitoka Jumamosi peke yake. Ikifika Alhamisi, wenzake wanaziba pua. “Ndiyo maana nakaa nyumbani,” alikuambia.

Ulirudi, na kabla hujavua viatu ukauliza: “Baba watoto, ile stoo ya madawati mabovu pale shuleni, maji yanaweza kufika?”

Wiki mbili baadaye yalifika. Mashine ya kufulia uliiomba kwenye hoteli iliyokuwa inabadilisha zake. Ikizunguka, ilitikisika kama inayotafuta mlango. Ukaweka kamba, pasi, na suti za michezo za kuvaa wakati sare zinakauka. Mwalimu mkuu akaguna, “Hii ni shule au dobi?” Ukamjibu, “Vyote viwili, mpaka tuone.”

Halafu hakuja mtu. Siku nne mashine kimya. Mwingine angenuna, wewe ukakaa dirishani kuchungulia kulikoni. Ukawaona watoto wanafika mlangoni na mifuko yao, wanatazamana, wanageuka. Hakuna aliyetaka kuonekana kwamba mchafu ndiye yeye.

Kesho yake ukabeba nguo zetu. Baba alipokuja kukaza koki, akakuta bukta yake yenye viraka inapepea mbele ya darasa la tatu.

“Mama watoto, umenivua nguo mbele ya shule nzima!”

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu wa hisabati akaleta koti lake, mpishi akaleta aproni zake, na kufikia mwisho wa wiki haikujulikana nani ameleta nguo kwa shida na nani kwa uvivu wa kufua kwake.

Alhamisi iliyofuata, yule binti aliingia darasani. Ulitupigia simu mmoja mmoja, kila mtu kazini kwake, ukasema neno moja tu: “Yupo.” Ile barua ya mwalimu mkuu haikutumwa kamwe. Muhula ule wa mvua, uliokuwa ukiwapunguza watoto kila mwaka, madarasa yalijaa.

Mwezi uliopita binti huyo alikuja nyumbani kutuaga, maana amemaliza shule na anaenda kusoma mbali. Ndipo tukasikia jambo ambalo hukutusimulia. Siku ile kwenye ngazi, hukuanza na habari za utoro. Alikuwa ameshika kitabu cha sayansi, ukakaa kando yake, ukamwomba akueleze mvua inatokana na nini, kwa sababu somo hilo lilikupita. Alikueleza mpaka jua likazama.

“Ilikuwa mara ya kwanza,” alisema, “mtu mzima kuniuliza kitu asichokijua kweli.”

Tunaokukumbuka ni mumeo. Sisi wanao watatu. Dada yako mshonaji. Mkweo dereva, uliyemchosha kwa maswali ya injini. Na wajukuu zako wawili. Pumzika, Mama. Kukusahau hatutaweza, wala hatutajaribu.