Dawa Ambayo Bonifasi Hakuionja

Korogwe, shamba la mkonge

Kwa mdogo wangu Paskali, Nyakasimbi,

Shikamoo yako imenifikia kwa kinywa cha shemeji yako, aliyekuja juzi na manamba wapya. Naitikia marahaba, ingawa kwa moyo mzito. Mmeamkaje hapo? Mama Damiani ameanza kula? Migomba imepata mvua? Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inayonisumbua. Tangu tumzike mwanao, sina hamu ya kusimulia habari za huku.

Lakini shemeji yako ameniambia jambo linalonilazimisha kuandika. Umetangaza mbele ya ukoo kwamba Bonifasi wa Rugera, manamba mwenzake, ndiye aliyemuua Damiani, na siku akirudi mtamngojea njiani na marungu. Ushahidi wako ni kwamba alipika dawa na hakuionja. Basi kaa chini unisikilize, maana nilikuwamo chumbani.

Damiani alishikwa na homa. Akakataa kwenda kwa dresa wa zahanati ya shamba, akafungua kile kifurushi cha unga ulichomfungia kwa majani makavu ya mgomba. "Baba mkubwa, huu ni mubirizi wa nyumbani," akaniambia. Bonifasi akachemsha maji, akatia konzi moja ya unga kama ulivyoagiza. Ilipopoa, akainua kikombe aonje kwanza, kwa desturi yetu. Damiani, pamoja na kutetemeka kwake, akacheka.

"Weka chini! Dawa ya baba yangu uionje wewe, umekuwa mama yangu leo?"

"Acha nionje, usije ukasema nimekuroga."

"Uniroge wewe, ambaye hata kuku wanakunyang'anya chakula?"

Akamnyang'anya kikombe, akanywa chote. Alikunywa asubuhi; adhuhuri alikuwa anatapika damu, na jua lilipotua hatukuwa naye tena.

Sasa nivumilie nikueleze, kama ulivyozoea kunivumilia. Mubirizi wenyewe haukumuua. Ni dawa nzuri ya homa na ya minyoo, nasi sote tumekuzwa nao. Lakini mama yetu alichuma majani mabichi, akayaosha, akachemsha konzi moja tu. Alipoonja, hakuwa anajitakasa mbele ya mgonjwa, alikuwa anapima. Ukali ukizidi, aliongeza maji. Kazi hiyo huiweza mtu aliyeizoea dawa. Bonifasi angeonja, angejua tu kwamba ni chungu, kisha leo mngekuwa na makaburi mawili.

Wewe uliyakausha majani juu ya moto, ukayasaga, halafu ukaagiza konzi ile ile. Konzi ya unga, Paskali, ni kikapu cha majani! Na si hilo tu. Unga uliobaki niliutia kwenye chupa ya maji nikautikisa. Ukatoa povu zito, likasimama kama la sabuni. Mubirizi hautoi povu la namna ile. Ule ni muhoko, mmea wa sumu ambao bibi zetu walifulia nguo, na ambao hakuna mama hapo kwetu anayeuacha karibu na mtoto. Nilipomuuliza shemeji yako, aliinamisha kichwa. Alisema siku ulipofunga kifurushi ulimwambia kwa kinywa chako: "Safari hii nimeitia mizizi ya muhoko kidogo, ili ishike."

Imeshika.

Daktari wa Kizungu alikuja kuutazama mwili. Alicheka, akasema tukiendelea kula majani kama mbuzi tutakwisha wote. Nimesoma, najua kumjibu mtu wa namna ile. Siku hiyo ulininyima jibu.

Najua ulimpenda mwanao na ulitaka apone. Lakini usinunue usingizi wako kwa damu ya mtoto wa mwenzio. Mkataba wa Bonifasi umekwisha, wenzake wamepanda treni kwenda Mwanza. Yeye yuko kwangu, sanduku lake limefungwa kamba. Mama yake ni mjane, naye anasikia maneno yako kila aendapo kisimani.

Nenda Rugera kwa miguu yako, usimtume mtu. Mwambie yule mama, majirani wakisikia, kwamba mwanawe hakumuua mwanao, na umtajie kilichokuwa ndani ya kifurushi. Katekista wenu awepo, kisha aniandikie kwamba amesikia. Barua yake ikifika, nitampandisha Bonifasi kwenye treni mimi mwenyewe. Isipofika, nitaendelea kumlisha, na mjane yule ataendelea kungoja kwa sababu yako.

Nisalimie dada yetu mkubwa na mumewe. Wasalimie wazee wa ukoo, uwasomee barua hii yote bila kuruka mstari.

Mama Damiani simtumii salamu kwa karatasi. Kabla hujaenda Rugera, mwambie wewe. Asiyasikie haya kwa watu.

Mimi kaka yako, maana hilo halibadiliki,
Laurenti