Jina ambalo Plasidi hakulitaja

Elisabethville, Jumanne, mwezi wa kumi, 1953. Saa tisa mchana.

Joto. Mvua bado inatuchezea: asubuhi mawingu, mchana hakuna kitu. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya chungu, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba umelala juu ya kambi yetu ya reli tangu jana. Nimekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, daftari juu ya tumbo. Siku hizi tumbo ndilo meza yangu.

Leo nimelia biro, kule ofisini kwa karani, mbele ya watu. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba ilikuwa vumbi.

Miezi minne niko hapa. Lakini kuwa hapa na kuandikwa hapa si jambo moja. Karatasi yangu ya safari kutoka Kilwa, mji wetu wa ziwani, ilikwisha siku zake zamani, na nyuma yake karani aliandika neno moja kwa kalamu: anangoja. Mpaka mwanamke aandikwe ndani ya buku ya kazi ya mume wake, hana ruhusa ya kukaa mjini. Bila ruhusa ya kukaa, hana kadi ya hospitali ya wafanyakazi. Bila kadi, mlango wa materinite, nyumba ya kuzalia, haufunguki. Maneno haya nayajua sasa kama Salamu Maria, naweza kuyasema nikipepeta unga.

Polisi nikimwona upande ule wa barabara, mimi narudi upande huu. Sijaiba kitu. Nimemfuata mume wangu tu.

Plasidi ni mume wangu. Humu daftarini namwita Plasidi. Mbele yake namwita Tata, yaani baba, kama inavyotakiwa. Ni fundi kwenye atelie, karakana ya reli, lakini amezaliwa kwetu, upande wa pili wa soko la Kilwa. Mwaka huu ulipoanza alikuja kwa likizo, tukafunga ndoa kanisani, akarudi kazini akaniacha ningoje mpaka apewe nyumba ya kambi. Alipoondoka, mimi nilikuwa tayari nimebeba mimba na sijui.

Mama alijua kabla yangu.

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Hata kama umeolewa mbali, unarudi. Mama anakushika mgongo, mama anapokea. Dada yangu Mariya alirudi hivyo. Siku tatu alikuwa na uchungu ndani ya nyumba ile, barabara ilikuwa matope matupu, dispensari ilikuwa mbali, na siku ya nne mama alimzika pamoja na mtoto. Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kuonekana, mama hakusema lolote juu ya desturi. Alinitazama, akaenda kuongea na dereva wa lori la samaki. Alirudi akaniambia, "Nenda kwa bwana yako. Kule kuna materinite. Mimi sitazika mara mbili."

Akanifungia samaki wakavu, mkeka huu ninaoukalia, na kitambaa chenye udongo ule mweupe wa kwetu ambao mwenye mimba huutamani. Lori lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa amesimama tu, mikono kichwani.

Udongo ulikwisha mwezi wa nane. Sokoni hapa wanauza wa aina nyingine, nimejaribu, una ladha ya ukuta. Usinicheke, daftari. Kuna siku nimelia kwa ajili ya udongo.

Nami namtamani mama. Niandike wazi, maana mdomoni siwezi kusema, Plasidi atadhani namlaumu. Namtamani akiniamsha kwa kikohozi chake cha uongo. Natamani mikono yake kwenye kiuno changu, kwa sababu hapa hakuna mtu ajuaye mahali panapouma ila nimwonyeshe. Kila mwanamke wa kambi hii mwenye tumbo ninapomwona anaelekea materinite na kadi yake mkononi, moyo unaniuma. Ile kadi ndiyo sababu ya mama kuniacha niende. Kama siipati, basi tumeachana bure.

Nimewahi kufanya jambo la aibu. Jirani yetu Mama Anasta, mwanamke wa Kasai anayeshona kwa cherehani mlangoni kwake, ana kadi tangu zamani. Wiki iliyopita nilimwomba aniazime siku yangu ikifika. Alisimamisha cherehani.

"Mutoto yangu," akasema, "mi niko na wajukuu saba. Nikizaa leo, masista watapiga kengele ya kanisa."

Tulicheka mpaka nikajishika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia niinuke, akanipapasa kwa vidole vyake vya ushonaji. Akasema mtoto ameshashuka. Akasema nisihesabu wiki tena, nihesabu siku.

Ndiyo maana leo nilikataa kubaki nyumbani.

Kila mara Plasidi alikwenda biro peke yake, akarudi na jibu lile lile: karatasi iko njiani, karatasi inatoka Kilwa, ngojea. Wiki tatu zimepita hivyo. Asubuhi nilivaa kitenge changu cha ndoa, nikamwambia, "Tata, leo tunaenda wawili." Akatafuta kofia yake muda mrefu, na kofia ilikuwa kichwani. Hapo ningepaswa kushtuka.

Tulisimama kwenye mstari tangu saa mbili. Wanawake walinipisha kwa sababu ya tumbo, Mungu awabariki, nikapewa kona ya benchi karibu kabisa na meza. Karani ni mtu mweusi kama sisi, kijana wa miwani, hana ubaya; ana rundo la karatasi na shingo inayomuuma. Alipomwona Plasidi alishusha pumzi.

"Weye tena," akasema. "Bwana, mi nilishakuambia. Hapa uliandikisha mama ya bibi yako ni Kunda. Karatasi ya Kilwa imefika toka wiki tatu, inasema mama yake ni mwingine. Sasa huyu bibi umeleta ni nani? Ni ule wa ndoa ama umeokota mwingine njiani?"

Watu wa mstari wakacheka. Mimi masikio yaliwaka moto.

Kunda ni nyanya yangu, mama yake mama. Yu hai bado, hana meno, na anamtania Plasidi kila akimwona, anamwita mume wake mdogo. Jina lake mtu yeyote anaweza kulisema. Na karatasi haikuwa njiani. Ilikuwa pale, chini ya mkono wa karani, wiki tatu nzima, mimi nikihesabu siku zangu kwa vidole na kumlaumu dereva wa lori kwa kuichelewesha.

Nilimtazama mume wangu kwa hasira ambayo sikuwa nayo tangu tuoane. Nilitaka kumwuliza mbele ya mstari wote: umenificha nini, na mtoto ameshashuka? Yeye alikuwa anatazama sakafu, jasho linamtiririka nyuma ya shingo.

Na hapo nikaelewa.

Kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, wakikutana njiani anaingia majanini mpaka apite. Itafika siku, pengine baada ya watoto wawili watatu, ukweni watampikia vyakula vyote, watamwingiza rasmi nyumbani, na tangu siku hiyo ataweza kukaa na kuongea nao kama mtu. Plasidi bado hajaingizwa. Sasa fikiria karani anakuuliza, haraka haraka, kalamu iko juu, mama ya bibi yako ni nani. Aliogopa kunyamaza, akaogopa kusema, akatoa jina la nyanya. Alidhani mzee mmoja kwa mwingine, wazungu watajuaje. Baadaye makosa yalipotokea, aliona aibu kuniambia. Amesoma, anajua vyuma vya gari-moshi kimoja kimoja, na mdomo wake umefungwa na jina moja la mwanamke aliye mbali kule Kilwa.

Nikajiinua. "Kunda ni kambo yangu, mama ya mama," nikamwambia karani. "Mama yangu anaitwa—"

Karani aliinua kiganja. "Mama, weye kaa. Mwenye buku njo anasema. Akisema sawa na karatasi, mi naandika. Asiposema, inarudi Kilwa, na Kilwa ni mwezi mzima."

Mwezi mzima. Nilijishika tumbo bila kufikiri, na Plasidi aliuona mkono wangu.

Alivua kofia. Akaigeuza, akaishika kwa kidole gumba, na mikono ikiwa hivyo akapiga makofi, polepole, yale ya chini ambayo kwetu mtu anapiga akiwa mbele ya wakwe. Watu wa mstari wakageuza shingo. Sidhani wote walijua anafanya nini, ila walijua si mchezo. Kisha akageuza uso ukutani, kwa sababu hata kama mama hayupo huwezi kumtaja ukiwa umeinua macho, akasema:

"Musonda."

Sauti ilikuwa ndogo. Karani akamwomba arudie. Mimi nilidhani atakataa. Akarudia.

"Musonda. Mama yake ni Musonda."

Nyuma yangu mwanamke mmoja mzee akavuta pumzi kwa meno. Huyo hakika ni wa kwetu.

Mimi ndipo nikaanza kulia, na sikulia kwa ajili ya karatasi. Ni miezi minne sijasikia jina hilo. Plasidi halitaji, mimi mtoto simwiti mama yangu kwa jina, na mji huu wote hakuna anayemjua. Nilikuwa nimembeba peke yangu ndani, kimya, na sikujua kwamba kimya kile kilikuwa kinanichosha hivi. Jina likatoka, likakaa pale mezani kati ya mihuri na wino, nikamwona mama yangu amesimama njiani mikono kichwani. Nililia kwa sauti. Karani akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Akakata mstari juu ya Kunda. Akaandika Musonda. Akagonga muhuri mara mbili, ya pili naona ilikuwa ya huruma tu. Akasema bwana mkubwa anatia sahihi Ijumaa asubuhi, na kadi ya hospitali inatoka papo hapo, tusichelewe.

Tulirudi mpaka kwenye bomba la maji. Hapo akasimama. Akasema amefanya kosa mara mbili, moja kwa kuficha na moja kwa kutaja, na lile la kutaja lazima alipie. Atapeleka kuku na kitambaa kwa lori la samaki la Jumamosi, na mimi niandike barua ambayo sista wa kule Kilwa atamsomea mama. Akaniomba nisiandike alisema mara mbili.

"Karani hakusikia, ndiyo ulirudia," nikamwambia.

"Andika mara moja," akasema. "Mama atatosheka na moja."

Nilicheka, na machozi bado yako usoni. Nilitaka kuendelea kukasirika, maana wiki tatu ni wiki tatu, na mtoto huyu angeweza kuzaliwa juu ya mkeka huu kwa sababu ya heshima. Naona hasira bado ipo, itarudi kesho nikiwa napika. Lakini nimemwona mtu akiogopa kitu kwa mwili wake wote na akakifanya kwa ajili yangu. Sijui kama nitapendwa tena namna hiyo.

Halafu nikamwambia lile nililolifikiri pale kwenye benchi: mtoto huyu, awe mvulana awe msichana, ataitwa Musonda. Jina linafaa wote. Plasidi akasimama tena katikati ya njia, akanikumbusha kwamba kwa hiyo hataweza kumwita mtoto wake mwenyewe kwa jina. Nikamwambia atamwita Mama, hata akiwa mvulana, kama wanavyofanya baba wengine kwetu. Na mimi nitamwita kwa jina kamili, mlangoni, kwa sauti, asubuhi na mchana, mpaka Mama Anasta achoke kulisikia. Akatembea kidogo akifikiri, kisha akasema sawa.

Sasa yuko atelie. Mimi niko hapa na daftari, na kiuno kinauma kwa namna mpya tangu tutoke biro. Kinauma, kinaacha. Huenda ni kule kusimama. Nimekunywa maji, nimelala upande wa kushoto alivyonifundisha Mama Anasta, kimetulia, kimeuma tena kidogo. Naogopa. Nimwite mama nani hapa?

Basi nakuambia wewe uliye ndani, maana ndiwe peke yako uliye karibu. Leo umesikia jina lako, baba yako amelitaja mara mbili na hatalitaja tena. Nyanya yako ametutoa nyumbani kwake ili tuingie kwenye mlango ule mweupe wa materinite, na mlango unafunguliwa Ijumaa asubuhi. Mimi nimengoja miezi minne bila kunung'unika sana.

Wewe nakuomba siku tatu tu.