Ng'ombe wa Atupele Wasirudishwe Kwanza

Karibu na Didia, Shinyanga
Jumapili mchana

Baba mpendwa, shikamoo,

Tangu nifike huku kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni. Ni mchi wa mdogo wangu Atupele asubuhi ile nilipoondoka. Du. Kisha kimya kirefu, mpaka mtu angeweza kufunga mzigo. Halafu du tena. Nilisimama mlangoni na sanduku langu, nikapaza sauti majirani wasikie: "Wewe Konokono, hayo mahindi yataota kinuni!" Watu wakacheka. Naye akacheka, kwa sauti yake ile inayokwaruza.

Hamjambo lakini? Kifua cha Mama kimepoa? Habari za mvua siulizi, Tukuyu haijawahi kuikosa. Mimi ni mzima, na michembe, viazi vyao vya kukausha, imeninenepesha. Wauguzi wenzangu wa hapa misheni wananiambia nimeanza kuwa Msukuma.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unasema mume wa Atupele amemrudisha nyumbani kwa uvivu, kwamba analala mchana na mwaka wa pili huu hana mimba. Unasema baada ya mavuno wazee watakuja kudai ng'ombe wao wa mahari, na wewe umechoka, utawatoa. Baba, nakuomba usiwatoe. Nisikilize kwanza habari za Mama Kulwa.

Huyu ni mwanamke wa Kisukuma aliyeletwa hospitalini na mumewe kwa baiskeli. Jua lilikuwa linachoma, naye amejifunika shuka mbili. Mume anachekecha mchanga wa almasi Mwadui.

"Nesi," akaniambia, "mke wangu alikuwa ananishinda kulima. Sasa akikaa, amekaa. Niangalizie, nani kamroga?"

"Wewe mwenyewe," mkewe akajibu polepole. "Kwa maneno yako."

Nilishtuka. Ilikuwa sauti ya Atupele, ile ile. Na shingoni alikuwa na rovu, kama Atupele.

Daktari akamgonga juu ya kisigino kwa nyundo ndogo. Mguu ukaruka, kisha ukarudi taratibu kama mlango mzito. Akaeleza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Chini ya koo kila mtu ana tezi. Inatia katika damu kitu kidogo mno kiitwacho homoni, nacho ndicho kinachouamuru mwili uwake kiasi gani: chakula kigeuke joto na nguvu, moyo upige upesi au polepole, mtoto arefuke. Kikipungua, mwili unakuwa kama jiko lililofunikwa na majivu. Kuni zimo, moto haupandi. Mtu anakula kidogo na bado ananenepa, anaona baridi juani, na mambo ya kike yanaparaganyika (nisamehe Baba, ndiyo kazi yangu). Rovu lenyewe ni tezi iliyovimba kwa kuhangaika, kwa sababu udongo wa milima mingi umepungukiwa na madini inayoyahitaji. Milima kama yetu.

"Kwa hiyo watu humwita mvivu," daktari akamalizia. Neno hilo nililitafsiri kwa shida.

Dawa yake ni vidonge vya tezi ya ng'ombe iliyokaushwa. Baba Kulwa macho yakamtoka.

"Ng'ombe hawa hawa?"

"Hawa hawa," nikajibu, kwa majivuno ya mtu aliyesoma. Hapo ndipo nilipokosea.

Baada ya wiki kadhaa walirudi. Safari hii mke alitangulia kwa miguu, mume nyuma anakokota baiskeli. Shuka hakuna. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Mwangaluka, nesi!" mke akaniamkia kwa Kisukuma. "Leo nimefagia uwanja mara nne!"

"Nisaidie," mumewe akasema. "Halali, na mimi silali. Jana kakandika nyumba udongo, na ilikuwa imeshakandikwa!"

Nilimshika mkono. Moyo ulikuwa unakimbia mno. Kumuuliza mume, kumbe kila siku ya mnada alikuwa anachukua makoromeo yote kwa mchinjaji na kumchemshia supu, juu ya vidonge.

"Kidonge chenyewe kama punje ya mtama," akajitetea. "Mimi nina zizi zima, nimnyime mke wangu?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakataza supu, akasimamisha vidonge kwa muda, maana moyo ungeweza kushindwa. Nilikiri kwamba ni mimi niliyetaja ng'ombe bila kutaja kipimo. Sasa Mama Kulwa anameza kimoja tu kwa siku, analima, na mumewe analala.

Lakini mimi sijatulia. Kitu kile kikipungua mtu anaitwa mvivu, kikizidi anafagia mara nne. Shuleni nilisifiwa kwa bidii, nikaamini bidii ni yangu. Labda nilijaliwa tu shingo nzima, na kwa shingo hiyo nikamcheka mdogo wangu. Mwambie nimemkosea.

Nilimweleza daktari habari zake zote. Anasema hawezi kutibu kwa barua wala haahidi mtoto, ila dalili ni zile zile, na wengi hupona. Wazee wa mumewe waambie Atupele anaumwa, wangoje.

Msalimie Mama, na bibi anayemlea Atupele sasa, na mjomba mwenye baiskeli, na mwalimu wangu wa kwaya.

Unakumbuka nilichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ukunga. Nafasi hiyo nimempa mwenzangu Veronika, na jana nimetia sahihi. Nimeomba likizo, nimepewa. Tiketi ninayo: treni hadi Itigi, kisha basi la Mbeya. Naondoka Jumamosi kuja kumchukua Atupele, na kitanda chake hapa wodini nimeshakitandika.

Ni mimi mwanao,
Tusajigwe