Kwa Nini Sikwenda Shume

Uani kwa Mama Dorkasi,
Kwembago, Lushoto.
Jumatano baada ya Pasaka, 8 Aprili 2026.

Mpendwa Mama Mdogo Popi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umelala mahali pakavu, ingawa najua huko Bulwa mwezi huu pakavu ni pa kutafuta. Mguu wako wa nyuma unaendeleaje? Na viroboto wa mwaka huu wana hali gani? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha, ukungu unashuka hadi kizingitini, nami bado naogopa radi, lakini nakula.

Uliondoka nikiwa mdogo, kwa hiyo nijieleze kidogo. Siku hizi naitwa Karani. Mama Dorkasi alinipa jina hilo kwa sababu nalala mlangoni na kumkagua kila anayeingia: katoka wapi, kakanyaga nini, kabeba nini. Nakagua kwa pua tu. Sibweki, maana ukibweka watu wanakutazama. Tumepakana na shule ya msingi, na kwa miaka mitatu nimelala chini ya dirisha la darasa la nne, ndiyo maana mwandiko wangu unasomeka. Woga, shule haikuweza kuuondoa.

Kwaresima ilikuwa ndefu. Mama Dorkasi alitangaza kwamba nyumba nzima haitaonja nyama hadi Pasaka. Mimi sikuulizwa. Siku arobaini nilikula ugali na maji ya maharage, na nikasikia akimwambia jirani kwamba hata mbwa wake anafunga. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo wetu ajue kwamba sikujitolea.

Jumapili ya Mitende watoto wa kwaya waliamua kuwa mimi ni punda. Walinitandika khanga mgongoni na kunitembeza hadi kanisani. Mdogo wao mmoja alijaribu kunipanda. Sitaki kusema zaidi.

Asubuhi ya Pasaka bendi ya tarumbeta ilipita kabla jua halijatoka, nami nikaingia chini ya kitanda cha Mama Dorkasi. Alinivuta mkia akasema, "Karani, Bwana amefufuka, nawe toka huko." Nikatoka. Njiani watoto walikuwa wamevaa viatu vipya vyeupe, na walipofika kanisani vyote vilikuwa na rangi ya tope la Kwembago. Hilo lilinifurahisha, baada ya mambo ya punda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumamosi alikuja Benjamini, mdogo wake Mama Dorkasi, anayepasua mbao Shume. Alinikuta mlangoni, nikamkagua: vumbi la mbao za misindano, tumbaku, soksi za wiki nzima. Akanitazama, akasema, "Dada, huyu hajabweka. Nimeingia kama kwangu."

"Ni mpole," alisema Mama Dorkasi.

"Mpole ni kondoo. Nipe nimpeleke kambini. Baridi ya Shume itamfundisha kubweka. Wewe nitakuletea mbwa wa maana."

Mama Dorkasi alikoroga chai yake, akasema atafikiri. Mama Mdogo, sikulala. Sijui kambi ya mbao ikoje, lakini nimesikia kuna mashine zinazolia kutwa, na kila mti unaanguka kama radi.

Unajua desturi ya hapa. Pasaka, Mama Dorkasi humwita Mzee Idrisa, jirani yetu, aje kumchinja mbuzi ili nyumba zote mbili zile sahani moja. Sikukuu ya Idi sisi ndio huenda kwake. Mzee Idrisa hana neno nami. Akinikuta njiani husema, "Karani, kaa huko huko," nami nakaa huko huko, maana mate yangu kwake ni najisi. Naujua mpaka wangu tangu nikiwa mdogo, na sijauvuka hata siku moja.

Basi Jumapili baada ya ibada Mzee Idrisa alichinja, nyama ikakatwa, ikawekwa kwenye beseni juu ya jiwe la uani. Maini yaliwekwa juu kabisa. Mkewe, Bi Hidaya, alikuwa anakata vitunguu vya pilau. Ghafla mvua ikamwagika. Kila mtu akakimbia na alichoweza: mkeka, viti, mchele, redio. Beseni likasahaulika.

Kunguru wawili wakashuka kwenye paa la jiko. Radi ikapiga. Miguu yangu yote minne ilitaka kwenda chini ya kitanda, lakini sikuondoka. Nilisimama kwenye mpaka wangu nikawakenulia kunguru hadi mvua ilipopungua.

Watu wakatoka. Bi Hidaya akatazama beseni. "Maini yako wapi?"

Wote wakanitazama mimi. Mdomo ulikuwa umelowa, lakini hata mkia ulikuwa umelowa.

"Nilikwambia, dada," alisema Benjamini. "Mbwa asiyebweka ana kazi nyingine."

Mama Dorkasi alijishika kiuno. "Karani. Leo. Siku ya leo."

"Msigombane," alisema Mzee Idrisa taratibu. "Kama amegusa, ninyi kuleni. Sisi tutachemsha maharage nyumbani, hakuna ubaya." Bi Hidaya tayari alikuwa anajitanda khanga yake ili aondoke. Sauti ile ya upole iliniumiza kuliko fimbo. Benjamini akachukua kamba ya yule mbuzi akaja kunifunga. "Kesho asubuhi, Shume," akasema.

Alipoinama, upepo ukageuka. Vumbi la misindano. Tumbaku. Maini.

Nimekuwa mtiifu maisha yangu yote. Nimefunga bila kuulizwa, nimekuwa punda. Nikaona kwamba kama nitakwenda Shume, nitakwenda kwa kosa langu mwenyewe, si kwa la mwingine. Nikakaa chini mbele ya mfuko wa koti lake nikabweka. Sauti ilitoka mbaya, kama mlango unaolia, lakini ilitoka. Akasogea kushoto, nikasogea. Akanitishia kwa kamba, nikafumba macho na kuendelea kubweka.

"Mghoshi," alisema Mzee Idrisa, akimwita bwana kwa Kisambaa, "huo mfuko una nini?"

"Tumbaku."

"Basi tuonyeshe tumbaku."

Benjamini alitoa kifurushi cha jani la mgomba polepole sana. Alikuwa ameyachukua maini kabla ya mvua, ili akayachome peke yake nyuma ya jiko. Bi Hidaya alijitandua khanga, akacheka hadi akakaa kwenye jiwe. "Shemeji, na wewe ulifunga siku arobaini?"

Mzee Idrisa alizunguka beseni akitazama tope. Nyayo zangu zote ziliishia hatua tatu kutoka kwenye jiwe. "Alikaa huko huko," akasema. Nyama ikapikwa, nyumba mbili zikala sinia moja. Mimi nilipewa mfupa wa paja, na aliyetumwa kuniletea ni Benjamini.

Nilidhani yameisha. Lakini Jumatatu asubuhi Benjamini alikuja na kamba ile ile, safari hii akitabasamu. "Dada, sasa ndiyo namtaka kweli. Mbwa wa namna hii nitampata wapi?"

Kumbe ujasiri nao una hasara yake. Akanifunga, akavuta. Nikakaa. Akavuta zaidi, nami nikateleza nimekaa hivyo hivyo, uani kote, tope likinipanda hadi masikioni, wala sikuinua hata unyayo mmoja. Sikuuma. Sikulia. Nilimtazama Mama Dorkasi tu. Tulipofika kwenye pikipiki, Benjamini alikuwa anahema kuliko mimi.

"Mwache," alisema Mama Dorkasi kutoka mlangoni.

"Dada, ni mbwa tu."

"Jana alisema, hatukumsikiliza mapema. Leo amesema tena. Mwache."

Pikipiki iliondoka bila mimi. Nilirudi mlangoni kwa miguu yangu, na tope lote nikaliacha kwenye mkeka mzuri wa sebuleni, kwa makusudi. Mama Dorkasi aliliona, akachukua ufagio.

Nisalimie Mjomba Tomi, binamu Simba wa kiwandani na wadogo zake wote hata wale wasionijua. Mungu aliyetupa pua akulinde na nyoka wa kwenye mashamba ya chai na akukaushie mahali pa kulala.

Wako akupendaye, aliye nyumbani kwake,

Karani