Benchi la Nje

Mpenzi Mama Mueni,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mko aje huko Masii? Kifua cha Mueni kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila uso sina pa kuuweka.

Unakumbuka nilivyojigamba kwamba ofisi yetu hapa Kitengela imenipa kuchora wodi ya kujifungulia, katika zahanati moja upande wa Kajiado? Kazi yangu ilikuwa kuwauliza akina mama wanahitaji nini, halafu kugeuza maneno yao yawe vipimo ambavyo fundi anaweza kujenga. Walisema, "Tunataka mahali pa kukaa na mtu wetu." Nikaandika: benchi, futi kumi na mbili, nje kwenye varanda.

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza kisha nikajijibu mwenyewe. Wodi ilipoisha nilipiga picha mlangoni kama mwenye nyumba. Ndani vitanda vimebanana, hata kigoda hakitoshi, kwa hivyo nesi huwatoa mama mkwe na dada wakangoje kwenye upepo. Wanawake wameanza kuacha kuja. Mwezi uliopita mmoja alikataa kubaki peke yake, akaondoka uchungu umemshika, akajifungulia njiani. Wamepona wote wawili, Mungu ni mwema, ila nilipoambiwa nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi alisema ninyamaze, ramani ilishapitishwa. Nilirudi huko hata hivyo, na daftari jipya, nikaomba msamaha. Mama mmoja mzee, ambaye wote humwita Koko, yaani nyanya, hakunikasirikia. Aliniuliza tu:

"Wewe uko na bibi?"

"Niko naye."

"Siku alizaa, nani alikuwa amemshika?"

Nilifungua daftari, nikalifunga tena. Wale mama wakatazama chini kwa kunionea aibu. Mueni ana miaka minne, na mimi sijui. Nilikuja baada ya wiki nzima, nikakupata umeketi kitandani, nikauliza mtoto ana kilo ngapi.

Msalimie mama yangu, kaka yako fundi wa baiskeli, na yule jirani anayekusaidia kuteka maji. Nawe niandikie: ni nani alikushika mkono? Na kama hakukuwa na mtu, andika hivyo hivyo, usinifiche.

Ni mimi mumeo,
Baba Mueni