Keria ya Dorika

Masasi, 2 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele. Natumaini kifua chake kimetulia na salfa ya mikorosho haimsumbui sana msimu huu. Sisi ni wazima. Mimi ni zaidi ya mzima, Baba, tangu harusi naamka nikicheka mwenyewe. Simu najua haikufai tena, masikio yako yalishachoshwa na nyundo, kwa hiyo barua zangu zitakuja kwa konda wa basi la Newala. Naye ananitania kwamba siku hizi wanaoandika barua ni mahakama na mimi.

Fremu ya baiskeli ya Jonathan imefika kutoka China. Ni ya kaboni, haina jina kubwa, ndiyo maana tuliimudu baada ya kuuza pikipiki. Nimeinyanyua kwa kidole kimoja. Mabomba yake si ya duara kama ya baiskeli zako, yamebanwa kama ubawa wa ndege, kwa sababu Jonathan anasema mwendesha mbio hapigani na mlima tu, anapigana na upepo pia. Nyaya zote zinapita ndani ya fremu. Jana tulihangaika kupitisha waya wa breki mpaka akapata akili: akaingiza uzi upande wake, mimi nikaweka mdomo kwenye kitundu cha upande wangu nikavuta pumzi. Uzi ukaja ukanigusa ulimi. Tukatazamana, Baba, nikaona haya kama siku ya kwanza aliyokuja kujitambulisha.

Mwezi wa tisa kuna mbio za majaribio Mtwara. Timu moja ya Dar es Salaam inachukua kijana mmoja tu kutoka kusini, kwa mshahara. Mwakani Jonathan atakuwa amevuka umri wanaoutaka. Ni sasa au basi, abaki kubeba magunia ghalani. Muombeeni.

Binti yako anayekupenda,
Dorika

Mnyambe, 16 Juni 2024

Mwanangu Dorika,

Marahaba. Mama yako amekusikia, anasema usiache kula kwa sababu ya mapenzi. Kifua kinakuja na kuondoka. Mimi sijambo, mgongo tu. Tumepuliza salfa mikorosho ya upande wa bondeni, iliyobaki tutamaliza wiki hii Mungu akijalia.

Habari ya baiskeli nimeisoma mara mbili. Nimetengeneza baiskeli tangu sijaota ndevu, lakini hiyo ya kuvuta uzi kwa mdomo sijaiona. Mkwe wangu ni mtu wa subira. Ila nina swali la mzee. Wewe utakaa wapi? Sijasoma neno keria katika barua yako. Unajua hapa kwetu baiskeli mpya haitoki dukani ikaanza kazi hivi hivi. Inakuja kwanza kwa fundi, inaongezwa chuma, inafungwa keria, halafu mwenye mke anampakia mkewe wanakwenda kusalimia ukweni. Mimi nilimleta mama yako kwa babu yako hivyo, mchanga ulikuwa mpaka kwenye pedeli. Mtu asiyefanya hivyo watu wanauliza kama mke ni wa kuazima.

Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie nimefurahi kwamba amepata kitu cha kukimbilia. Kijana aliyekosa baba mapema namna ile, hapa ni kwao.

Baba yako,
Mathias

Masasi, 14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo tena na tena. Mama anaendeleaje? Nimemtumia dawa ya kifua kwa mkono wa Severina, yule binti wa shangazi, akichelewa mkemee. Hapa hatuna shida yoyote isipokuwa majirani wanaosema tunacheka sana.

Imekamilika. Gia na breki ni za mtumba, magurudumu ni mapya, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Kila nati Jonathan aliikaza kwa spana inayopima nguvu, aliyoazima kwa rafiki yake Faridi, na ikisema tiki anaacha papo hapo. Tukaipeleka ghalani kuipima kwenye mizani ya korosho. Chini ya kilo nane. Wapakuzi wakaja wote kuona. Mmoja akaniambia, shemeji, mumeo akipiga chafya juu ya hiyo tutamtafuta Msumbiji. Jonathan alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kama unamjua akicheka, anafunika macho kwa kiganja kama mtoto.

Sasa anakuja kwenu. Anataka kufanya mazoezi kila mwisho wa wiki kwenye kipande cha lami cha huko juu, ambako upepo unapiga ubavuni kama wa Mtwara. Baiskeli ataiacha kwako katikati ya wiki, anaogopa kuipandisha na kuishusha kwenye basi kila mara. Anasema hakuna nyumba nyingine ambako angeiacha akalala usingizi.

Na kuhusu swali lako, nimemwuliza nitakaa wapi. Akasema nitakaa mgongoni. Mimi nimesema nataka keria kama Mama. Nacheka ninapoandika.

Binti yako,
Dorika

Mnyambe, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, Severina hakuchelewa, mama yako amelala vizuri siku hizi na anakushukuru. Sisi ni wazima. Mbaazi zimefanya vizuri.

Nina habari ya kukufurahisha. Mkwe aliacha baiskeli Jumapili akarudi kazini. Jumatatu niliitazama, Jumanne niliitazama, Jumatano nikaona hapana, mwanangu ameandika kwa mkono wake kwamba anataka keria, na mimi ni fundi. Nikachagua nondo nyembamba nisiiongezee uzito, nikaikunja, nikaichomelea vizuri, nikaipaka rangi nyeusi ifanane. Tatizo lilikuwa pa kuifunga, maana fremu ile haina masikio ya kupokea bolti. Nikatoboa. Tundu mbili kila upande, kwenye zile nguzo nyembamba zinazoshika gurudumu la nyuma. Si chuma, Dorika. Drili ilipoingia ilitoa sauti kama ya kutoboa kibuyu kikavu, na vumbi lake jeusi linawasha. Nikakaza kwa spana kubwa mpaka nikasikia imeshika.

Mkwe alipofika Jumamosi nilikuwa nimeiegemeza mlangoni. Aliisogelea. Akapiga goti, akapitisha kidole kwenye kila bolti. Mama yako akadhani anasali. Akanyanyuka akasema, "Asante sana, Baba. Ni kazi nzuri." Chakula hakula, alisema tumbo limejaa gesi ya safari.

Nimempenda zaidi siku ile. Kijana mwingine angeanza kunifundisha kazi. Nimewaambia wenzangu sokoni kwamba keria yangu inakwenda Mtwara.

Baba yako,
Mathias

Masasi, 18 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Nililia niliposoma. Baba gani mwingine angefanya hivyo. Nimeihifadhi barua yako ndani ya kitenge cha harusi. Baiskeli Jonathan ameirudisha Masasi kwa basi, anafanyia mazoezi huku sasa. Keria ameitoa kwa muda, anasema sheria za mashindano haziruhusu, nami nimeitundika ukutani chumbani kwetu. Penye tundu amepaziba kwa gundi na kitambaa alichopewa na Faridi, vumbi lisiingie.

Nadhani majaribio yanamtia wasiwasi. Usiku hapati usingizi. Akirudi mazoezini anaigeuza baiskeli juu chini, anachukua sarafu, anaigongagonga fremu polepole kuanzia mbele kurudi nyuma, ameinamisha sikio. Nikamwuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza kama bado inampenda. Nikamwambia mimi nakupenda kwa niaba yake, akanikumbatia akakaa hivyo mpaka ugali ukapoa. Faridi alikuja wakazungumza uani, sauti ya Faridi ikapanda, nilipotoka na chai wakanyamaza. Wanaume wakikaribia mashindano huwa hivyo, sivyo, Baba?

Mimi naona ushindi. Nimeshona fulana mbili za njano, yangu na yake.

Binti yako mwenye furaha,
Dorika

Masasi, 22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa kuandika. Natumaini Mama hajambo na nyote mko salama.

Jonathan hakupata. Nisikuzungushe. Alikuwa mbele na wenzake watatu, nami nilikuwa nimesimama karibu na mwisho nimevaa ile fulana. Waliponyanyuka kwenye siti kukimbilia mstari, niliona gurudumu lake la nyuma likiyumba kama mlango uliokatika bawaba, kisha akawa chini. Mfupa wa bega umevunjika. Daktari anasema utaunga, ila magunia hayawezi mpaka mwakani. Wamemchukua kijana wa Lindi. Yule wa timu aliyekuwa akichagua alikuja hospitali akampa mkono, akamwambia miguu anayo. Jonathan akasema asante.

Aligonga jiwe, Baba. Kulikuwa na jiwe barabarani. Baiskeli za kaboni ndivyo zilivyo, zikigonga jiwe zinavunjika, hata Faridi anasema.

Sitaandika mengi leo.

Binti yako,
Dorika

Mnyambe, 10 Novemba 2024

Mwanangu Dorika,

Nakusalimia wewe na mumeo. Mama yako anakohoa tena. Korosho tunaokota, si nyingi.

Kosa nililifanya nilipotuma salamu kwamba fremu iletwe, nione kama naweza kuiwekea bamba. Sikudhani ataileta mwenyewe. Alikuja juzi kwa basi, mkono umefungwa shingoni, fremu ameibeba kwa mkono mzima. Akaiweka mbele yangu kama mtu anayeleta maiti kwao.

Nimeishi na vyuma vilivyovunjika miaka yangu yote. Kilichogongwa na jiwe nakijua, kinapondeka mahali pamoja. Hii haikupondeka. Imechanika kutoka tundu hadi tundu, pande zote mbili, kama unavyochana karatasi uliyoitoboa kwa sindano. Rimu haina hata mkwaruzo wa jiwe.

Nikamtazama. Nikamwuliza, "Ni jiwe?"

Akasema, "Ni jiwe, Baba."

Dorika, nilikuwa na maneno. Nikaona jinsi alivyosimama, kichwa ameinamisha, kama siku aliyokuja kuposa, nikajua nikisema nitaivua nguo aliyonivisha yeye. Nikamwambia, ndiyo, mwanangu, mawe ya Mtwara ni mabaya. Tukakaa. Mama yako akaleta uji, safari hii akanywa.

Kwa nini hakusema siku ile ile? Pengine wakati ulikuwepo. Pengine angepata nyingine. Au wewe ulijua? Usimwonyeshe barua hii. Nimeacha kupokea kazi kwa sasa, nawaambia watu ni mgongo.

Baba yako

Masasi, 15 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole, na wewe pole ya mgongo. Sisi tupo.

Wakati haukuwepo, Baba. Fremu ilichukua miezi kufika na pikipiki tulishauza. Mimi nilijua tukiwa hospitali, Faridi aliniambia kwa hasira mbele ya wagonjwa. Alikuwa amemkataza Jonathan kuipanda. Nilimwuliza Jonathan kwa nini hakukuambia. Akajibu akiangalia dari. "Angekuwa baba aliyenizaa ningepiga kelele mpaka kijiji kije. Kwa mkwe nilifungua mdomo ikatoka asante." Kisha akaniapisha nisikuambie kamwe. Sasa nimevunja kiapo changu, na wewe umenifunga kwa siri yako, na nyumba yetu ni ndogo, Baba, chumba na sebule. Tunapishana humo kwa adabu. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Mimi ndiye niliyeandika kwamba nataka keria, naye anajua, na hajawahi kunitajia.

Wiki iliyopita ile timu ilipita hapa Masasi, wako ziara ya kusini. Nilitaka tusitoke. Yeye akavaa shati la kanisani tukaenda kusimama barabara kuu na watu wengine. Wakaja wamebanana kama ndege, sauti ni ya cheni tu. Yule kijana wa Lindi alikuwa wa tano. Alimwona Jonathan akanyanyua kidole kutoka kwenye usukani, kidole kimoja tu.

Jonathan hawezi bado kupiga makofi, bega halijapona. Akachukua mkono wangu, akawa anaupiga kiganja kwa mkono wake mzima, akawapigia hivyo wote, mpaka gari la mwisho lenye magurudumu ya akiba likapita na watu wakaanza kutawanyika. Hakuacha. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na mume wangu, kiganja kinaniuma, sikujua namna ya kumwambia kwamba wameshakwenda.

Sikukuu hatutakuja. Amesema nikuandikie kwamba ni kazi.

Binti yako,
Dorika