Zinki na Mawese

Jumatatu, 1 Machi 1915

Leo tena Feruzi amekula bila neno, akili yote iko kwenye machupa yake. Mume wangu ndiye mlinzi wa simu ya Wadachi, hawa Wajerumani, hapa Rumonge. Waya umetoka Usumbura, umefuata ziwa mpaka kwenye kibanda chake pale boma. Ndani kuna sanduku la kusemea, na chini ya meza machupa ya maji ya chumvi. Kila chupa ina fimbo ya zinki na kipande cha mkaa mweusi. Hiyo ndiyo betri. Nimeyajua hayo kwa macho yangu, si kwa mdomo wake.

Nimemwuliza: waya hauna tundu, sauti inapita wapi? Na maji ya chumvi yana nguvu gani? Amesema mambo ya boma hayo, Kulthumu, niletee maji ninawe.

Haya. Nimemletea maji!

Jumatano, 3 Machi

Chausiku jirani amekuja kuomba moto — na yule akiomba moto, ujue ameleta moto. Eti bwana yako kila asubuhi iko kwa Sharifa, wanacheka. Sharifa mjane, muuza chumvi ya Uvinza pale mwaloni penye mitumbwi. Meno meupe, kicheko kinafika Kigwena.

Nikasema anafuata chumvi ya betri. Na ni kweli, tangu vita vianze chumvi ya kizungu haiji, machupa yanakunywa ya Uvinza. Chausiku akaguna. Chumvi gani hiyo ya kupima asubuhi nzima? Eti amemwona Feruzi anamchorea mchangani kwa kijiti: chupa hii, waya huu, nguvu inatoka hapa, inazunguka, inarudi hapa. Sharifa anauliza, yeye anajibu. Anauliza tena, anajibu tena!

Angemshika mkono tu ningelia kidogo nikanyamaza. Lakini kumweleza! Mimi binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nasoma, naandika, naambiwa niletee maji. Sharifa hajui alifu wala be. Wivu umenikaba mpaka maharage yameungua.

Alhamisi, 4 Machi

Feruzi ameongea leo! Si na mimi — na nafsi yake, ila nilikuwepo. Alikuwa na fimbo moja ya zinki mkononi, imekonda, imetoboka-toboka. Amesema zinki zinalika, zinakwisha, na nyingine hazipatikani, vita vimefunga njia. Na Bwana wa waya, yule Mdachi wa Usumbura, ameshasema: simu ikinyamaza, hamsa ishirini. Fimbo ishirini na tano za kiboko, mbele ya watu.

Mgongo ule naujua mimi. Naukanda mimi. Nikauliza polepole, zinki inaliwa na nini? Amesema chumvi ndiyo inaila, basi.

Chumvi ya nani? Ya Sharifa! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Yeye anampa kinachokula. Mimi nitampa kinachoponya.

Ijumaa, 5 Machi

Nimefanya! Feruzi alikwenda msikitini, akaniacha kibandani nilipompelekea chakula, nimwangalizie sanduku. Nilikuwa na mafuta ya mawese kwenye kibuyu. Nani hapa kwetu asiyejua? Jembe unalipaka mawese, kisu unakipaka, ndoana unaipaka, kutu haigusi. Nikazitoa zinki moja moja, nikazikausha, nikazipaka, nikazisugua kwa kitambaa mpaka wekundu ukapotea, zikabaki kung'aa. Nikazirudisha majini. Kula sasa, chumvi ya Sharifa!

Sikumwambia. Nataka ashangae mwenyewe, mwezi upite na zinki ziko nzima. Atakuja kuniuliza umefanyaje. Nami nitajibu — mambo ya jikoni hayo, Feruzi, niletee maji ninawe!

Jumamosi, 6 Machi

Simu imenyamaza.

Jumapili, 7 Machi

Hata kengele hailii. Feruzi amefungua nyaya, amefunga, amefuata nguzo mpaka njia ya Bugarama. Waya mzima. Kumbe chumvi, amesema. Sharifa amechanganya mchanga. Amewaambia hivyo askari, nao wamemchukua Sharifa, yuko boma anamngoja Bwana wa waya.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nimepika samaki wa mukeke, nikaimba. Kicheko chake kiko wapi leo?

Jumatatu, 8 Machi

Chausiku amekuja, safari hii hana masihara. Yoo, Kulthumu! Askari wanasema aliyeharibu simu anamsaidia Mbelgiji ng'ambo ya ziwa. Hiyo si fimbo tena, hiyo ni kamba ya shingo.

Nimeosha sufuria ya jana. Maji yanateleza juu ya mafuta, hayashiki chuma. Nimemwaga, nimetia mengine, yanateleza. Zinki! Nimekaa chini palepale.

Jumanne, 9 Machi

Feruzi amerudi asubuhi hii. Hakusalimia. Ameushika mkono wangu, ameunusa. Kisha akanusa kidole chake mwenyewe, kilichogusa zinki.

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Amechuchumaa, ameokota kijiti, amechora kwenye majivu ya jiko langu. Chupa, waya, sanduku. Amesema zinki lazima ilike, Kulthumu. Kule kulika ndiyo nguvu yenyewe. Kuni usipoziacha ziungue, chungu kitachemkaje? Umeifunika kwa mafuta, chumvi haikuigusa. Na sauti je? Sauti haisafiri yenyewe, inaitikisa nguvu iliyo kwenye waya, na kule Usumbura kijibati kinatikisika vilevile. Niliuliza, akajibu. Nikauliza tena, akajibu tena! Raha niliyoiona — na mwenzangu amefungwa kamba boma!

Halafu akasema ataziosha zinki kwa maji moto na majivu, simu italia. Lakini Bwana atataka jina. Nimwambie chumvi, au nimwambie mkono wako? Akanitazama.

Nilikuwa na jibu, lilikuwa mdomoni. Badala yake nikamwuliza: Sharifa naye ulimweleza hivi hivi? Na kuni, na chungu?

Amekitupa kijiti. Ameinuka, amekwenda kwenye zinki zake.

Baragumu limelia, boti ya Bwana imeonekana. Chausiku anaita huko nje, wamemleta Sharifa uwanjani, njoo basi! Kanga nimeshajitanda, na bado nimekaa naandika. Feruzi angesema hapana tu, neno moja, saa hii ningekuwa nimeshafika boma kusema ni mkono wangu.